Beji za Mkutano wa Tumbaku

Nilipata kibarua cha siku tatu, kuandikisha wageni kwenye mkutano wa wakulima wa tumbaku katika ukumbi mmoja pale Gongoni, mjini Tabora. Kila mgeni nilimpa beji ya kuvaa shingoni. Ndani yake mlikuwa na chipu ndogo, na vifaa vilivyofungwa milangoni viliisoma kila alipopita. Msimamizi wangu alinieleza hayo asubuhi ya kwanza, akaongeza kwamba hakuna haja ya kuwachosha wageni kwa maelezo.

Mama mmoja wa Ulyankulu aliigeuzageuza beji yake. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza ile ina kazi gani. Foleni nyuma yake ilifika nje. Nikamwambia ni ya chakula.

Siku ya pili alasiri msimamizi alisimama mbele kutuonyesha mkutano ulivyohudhuriwa. Ukutani yakatokea majina, na kando ya kila jina vyumba alivyoingia mtu na muda aliokaa humo. Nililiona jina la yule mama: chumba cha mwanasheria, zaidi ya saa nzima. Chumba hicho kilitengwa kwa wakulima wenye malalamiko dhidi ya viongozi wa vyama vyao vya ushirika. Mwenyekiti wa chama chake alikuwa safu ya mbele. Aligeuka, akamtafuta mama huyo kwa macho taratibu mpaka akampata.

Wakati wa chai mama alinifuata mezani.

"Mwanangu, ulisema ni ya chakula."

Nikaanza kujitetea. Akanisikiliza, kisha akaniambia wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, na yeye amekua akiandikwa kwenye kila aina ya daftari.

"Kuandikwa nimezoea," alisema. "Lakini huwa naambiwa."

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwomba afute majina yale. Alisema ukutani ataondoa, ila orodha ilishatumwa kwa viongozi wa vyama tangu mchana. Kesho yake mkulima mmoja wa Usoke alisimama akasema walipaswa kuulizwa kwanza. Watu wakaanza kuzivua beji, nikazikusanya kwenye boksi. Msimamizi akaomba radhi kwa kusoma karatasi.

Baada ya wiki chache nilipanda basi kwenda Ulyankulu. Nilimkuta barazani akichambua majani ya tumbaku. Alinieleza kwamba mzigo wake wa tumbaku sasa hupokelewa wa mwisho kwenye ghala la chama, na alipouliza, mwenyekiti alimjibu akamwulize mwanasheria wake. Majirani waliomtuma kupeleka malalamiko walikana kumtuma.

Alinipakulia ugali na maharage. Nilipomaliza kula nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba asubuhi ile nilijua beji inafanya nini.

Mikono yake ilisimama kidogo, ikaendelea na majani. Kisha akaniuliza kama najua basi la mwisho la kurudi Tabora linaondoka saa ngapi.