Maji ya Babu Katika Hori

Juzi nilikuwa nimekaa kwa mama ntilie pale Kiranjeranje, nasubiri gari lolote liendalo popote, mara nikasikia: ti! Sauti nyembamba, fupi, kama mtu amegusa kengele kwa ukucha. Mama ntilie alikuwa amemimina chai ya moto kwenye glasi iliyotoka tu kusuuzwa kwa maji ya mtungini, na glasi ikapasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Chai ilitambaa mezani mpaka kwenye magoti ya kijana wa bodaboda, akaruka juu akimwita mama yake. Watu wote walicheka. Mimi vinyweleo vilinisimama, maana sauti ile naijua. Niliishi nayo utotoni, na kidogo tu itufukuze nyumbani.

Niwaambie mapema, shule niliiachia darasa la sita. Sikuiacha kwa kuchukia kujifunza. Mwalimu alisema maswali yangu yanamlia kipindi, nami nikaona ni afadhali nikaulize kwingine. Tangu hapo nimeparua chumvi kwenye majaruba, nimepikia mafundi wa barabara, nimeuza vitenge stendi ya Lindi, na kila nilipofika nimeuliza mpaka watu wakanikimbia. Lakini swali kubwa kuliko yote nililipata bure, kwenye kibanda cha baba yangu.

Baba alikuwa mhunzi, Mmatumbi wa milimani. Nilikuwa bado nina mapengo ya meno ya mbele tulipohama milima kushukia Pande, kwa sababu huko mikorosho ilikuwa mingi na mhunzi hakukuwa na hata mmoja. Tulisafiri juu ya lori la magunia. Mama alipakata masufuria, mimi nilipakata kuku, na baba alikumbatia dumu la maji kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikaomba ninywe. Alinitazama kana kwamba nimeomba kumla kuku wa watu.

Yale yalikuwa maji ya babu. Babu alipofariki, baba alirithi nyundo, koleo, fuawe ya kupondea chuma, na hori, yaani gogo la mninga lililochongwa tumbo, ambamo chuma chekundu huchovywa kipate ugumu. Kwetu tuliita kukinywesha chuma. Pamoja na vitu hivyo alirithi sharti moja: maji ya hori hayamwagwi. Yakipungua, unaongeza. Babu aliyakuta kwa baba yake akayaongeza, na huyo naye aliyakuta. Baba aliamini kwamba maji yaliyoizoea kazi yanakijua chuma, na kwamba ndani ya hori lile wazee wake walikuwa bado wanamsaidia. Basi tulipofika Pande, kitu cha kwanza, kabla hata mama hajapata mafiga, alimimina dumu lile ndani ya hori, akajazia maji ya kisima.

Jamani, kibanda kile! Harufu ya mkaa, ya kutu iliyoungua, ya grisi kongwe iliyong'ang'ania springi za malori ambazo baba alizifua kuwa mapanga. Mimi nilizungusha gurudumu la baiskeli lililopuliza moto, na moto ulinijibu. Nikizungusha taratibu, springi inakuwa nyekundu ya damu. Nikikaza, inakuwa ya chungwa lililoiva. Baba anaikamata kwa koleo, nyundo inaanguka, cheche zinaruka kama kumbikumbi, halafu panga linazamishwa horini na mvuke unatufunika wote wawili, hatuonani.

Lakini utamu wenyewe ulikuja baadaye. Panga lililotoka majini lilikuwa gumu mno, gumu la kuvunjika. Kwa hiyo baba alilisugua kwa kigae mpaka ling'ae, kisha akalirudisha juu ya makaa, safari hii kwa upole, na rangi zikaanza kutembea. Naapa zilikuwa zinatembea! Kwanza rangi ya nyasi kavu ilijitokeza kwenye mgongo wa panga, ikasogea kuelekea makalini. Nyuma yake ikaja rangi ya korosho iliyokaangwa. Nyuma yake zambarau, na nyuma kabisa buluu, kama foleni ya watu wanaokwenda harusini. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele korosho ilipofika makalini.

"Korosho, baba! Korosho!"

Naye hulichomoa panga papo hapo.

Miezi ya mwanzo tuliishi kwa furaha. Kulikuwa na Mzee Nassoro, Mmwera aliyeoa Pande, ambaye tangu siku ya kwanza alijitangaza kuwa mtani wa baba. Haikupita asubuhi bila kutupitia.

"We Mmatumbi, hilo ni panga au kijiko?"

"Kijiko, mtani. Nimesikia Wamwera mnakunywa uji kwa viganja."

Nilicheka mpaka gurudumu likasimama na moto ukalala.

Kisha ikaja ile sauti. Panga moja liliingia horini, mvuke ukapanda, na katikati ya mvuke: ti! Baba alilitoa, akalitazama juani. Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umekata kutoka makalini hadi katikati. Alilaumu springi, akatafuta za lori jingine. Ti! Akalaumu mkaa, akachoma wa mti mwingine. Ti! Mama alifukiza ubani, shehe akaja akasoma dua, na kwa siku chache mapanga yakakaa kimya. Halafu yakaanza tena, sasa mengi kuliko yale yanayopona.

Mabaya zaidi ni yale yaliyopasuka bila kuonekana. Asubuhi moja Mzee Nassoro alikuja ameshika mpini mtupu.

"Fundi," alisema, "panga lako limenifia mkononi. Nimepiga kijiti tu cha mkorosho."

Hakusema Mmatumbi. Hakusema mtani. Baba aliupokea ule mpini kwa mikono miwili, na mimi, ingawa nilikuwa mdogo, nilitamani sana atukanwe kama zamani.

Haikuchukua muda mwenyekiti wa kitongoji akatutembelea. Alikuwa mtu mwema na maneno yalimtoka kwa tabu.

"Fundi, kiwanja hiki watu walikupa kwa sababu ya mapanga. Palizi ndiyo hii imefika. Ijumaa baada ya swala wenye mashamba watakuja kutazama kazi. Wakiondoka mikono mitupu, mimi sitakuwa na la kuwaambia."

"Nimekuelewa, mwenyekiti," baba alijibu.

Alipoondoka, baba alimwambia mama aanze kukusanya vyombo. Tungerudi milimani, kwa baba zake wadogo, tukaombe sehemu ya kulala.  Mama aliendelea kupepeta mchele, lakini pumba na mchele vilikuwa vinaanguka pamoja.

Sasa sikilizeni habari ya beberu. Jirani yetu Bi Esha alikuwa na beberu mwizi ambaye kila adhuhuri alikuja kibandani kulamba mdomo wa hori. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumfukuza. Siku hiyo, fimbo ikiwa juu, nikapata swali. Pembeni pale palikuwa na ndoo ya maji aliyooshea mama mchele, matamu, meupe, kitu cha kumpendeza mbuzi yeyote. Kwa nini hayagusi? Nikainama kutazama anacholamba. Ukingo wa hori ulikuwa na utando mweupe, mgumu, kama gamba.

Msinicheke. Nilimsukuma beberu, nikalamba na mimi.

Chumvi! Nikachovya kidole kwenye maji yenyewe, nikaonja, ulimi ukajikunja. Niliruka nje napiga kelele kana kwamba nimeona moto juu ya paa.

"Baba! Maji yako yana chumvi kuliko bahari!"

"Somoe, usilambe vitu vya kazi."

"Chumvi, baba, onja!"

"Maji ya babu yako hayana chumvi."

Alisema kwa ukali ambao haukuwa wake. Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akachovya, akaonja, akatema.

"Baba Somoe, humu unaweza kuloweka papa."

Kila mtu Pande anajua kwamba maji ya kisima chetu yana chumvichumvi. Ni kidogo tu, unaizoea kwenye chai. Lakini mama alikuwa mpishi, na mpishi ameona sufuria ya maji yale ikikauka.

"Inabaki unga mweupe chini," alisema. "Mimi huosha sufuria. Wewe umechemsha sufuria moja tangu tulipofika, kila panga linapandisha mvuke, kila jioni unaongeza maji mengine ya kisima, na huoshi. Hiyo chumvi ingekwenda wapi?"

Baba alikaa juu ya fuawe. Kule milimani maji ya chemchemi ni matamu, hata ungeyaongeza vizazi saba yasingekuwa na neno. Aliufuata utaratibu wa wazee wake vilevile, bila kupunguza, na ndio uliokuwa unampasulia mapanga.

"Nikiyamwaga," alisema, "nitamwambia nini mzee?"

"Mzee amelala milimani. Sisi tuko hapa na Ijumaa inakuja."

Kisha mama akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuwa na pipa la maji ya mvua chini ya bati, maji yake ya chai, ambayo hata mimi nikiwa na homa nilipewa kwa kikombe kidogo. Akalifunua.

"Chukua yote," alisema.

Alhamisi baada ya alasiri baba alivua kofia, akaliinamisha hori nyuma ya kibanda, akayamwaga yale maji taratibu sana. Mimi nilikuwa narukaruka kwa furaha na kuimba wimbo nilioutunga wa beberu na chumvi, mpaka mama akanifinya.

Ijumaa walikuja wengi. Nilizungusha gurudumu mikono ikaniwaka. Baba alichovya kwanza kipande cha chuma cha moto kwenye maji mapya kuyaondolea ubaridi, kisha akalichukua panga, jekundu kama jua linalozama, akalishusha. Shhhhhh. Sauti nzito, ndefu.  Nilisubiri ile ti. Mvuke ulipanda, ukafifia, ukaisha. Kimya. Baba aliliweka panga sikioni, akaligonga kwa ukucha, nalo likaimba sauti ndefu isiyokatika. Akalisugua, akalirudisha motoni, na foleni ya rangi ikaanza safari.

"Korosho!" nililia. "Korosho, baba!"

Mzee Nassoro alilichukua kabla halijapata hata mpini, akalifunga kitambaa, akalipiga kwenye gogo kavu la mkorosho. Likazama. Akalichomoa kwa taabu, akapitisha dole gumba makalini, akamgeukia baba.

"We Mmatumbi! Leo umetoa kijiko kikali!"

Tulibaki Pande.

Miaka mingi baadaye, kwenye karakana moja ya kuchomelea vyuma nilikokuwa napika, nilimsimulia fundi kijana habari hii. Alikuwa amesomea vyuma, akanieleza huku wali wangu ukiungua. Joto halipotei, alisema, linahama tu, na siku zote linakimbia kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi. Chuma kikiwa chekundu, chembe zake zimejipanga namna moja. Kikipoa polepole, zinapata muda wa kujipanga upya, na chuma kinakuwa laini. Ukikipoza ghafla, zinanaswa katikati ya safari, zimebanana, ndiyo maana kinakuwa kigumu. Zile rangi za baba ni joto dogo la kuziruhusu chembe zijinyooshe kidogo. Maji matamu yanapokutana na chuma cha moto hukifunika kwanza kwa blanketi la mvuke linalopunguza kasi ya joto kutoka. Chumvi huchana blanketi lile. Joto linatoka kwa fujo, ngozi ya panga inapoa kabla ya tumbo lake, vinavutana, ti! Nilipiga makofi. Nilimkumbatia yule kijana mbele ya watu.

Niliposhuka Pande nilimweleza baba yote, nikirukaruka kama zamani. Ni mzee sasa, macho hayaoni tena rangi ya korosho. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwongezea zawadi niliyokuwa nimemwandalia: kwamba asijilaumu, kwa sababu maji ya babu yalikuwa hayamo tena horini. Yaliondoka zamani, mvuke kwa mvuke. Alichomwaga siku ile kilikuwa chumvi ya Pande na maji ya kisima.

Alicheka kidogo.

"Mwanangu, mimi si nimeishi kwenye mvuke? Hilo nilikuwa nalijua."

"Sasa mbona ulivua kofia?"

 Baba alinyoosha mkono akanipapasa kichwani, kama anayetafuta mtoto mwenye mapengo.

"Wewe ulikuwa unaimba," alisema. "Ulikuwa hutaki kuondoka hapa. Nilimwomba mzee ruhusa ya kuvunja sharti lake, nikamwaga."

Nilikuwa nimemletea baba sheria zote za joto, kwa lugha niliyoweza. Nikakaa chini karibu yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali.