Ndevu za Juu ya Paa

Nakumbuka siku ile ya mvua kule Burungu kana kwamba nguo zangu hazijakauka bado. Mwanangu, nilikuwa kijana, nimemaliza masomo ya jioni misioni, najua kusoma, kuandika na kugawanya; na pamoja na elimu yote hiyo niliamini kabisa kwamba mwanamke akipanda juu ya paa la nyumba ataota ndevu. Siyo ndevu chache. Ndevu za kufungia mbuzi! Waliniambia mwanamke mmoja wa upande wa Kashebere alipanda asubuhi, na jioni mume wake akamwazima wembe. Nikaamini. Kilima kizima kiliamini.

Sasa, jirani yetu alikuwa Mama Furaha, Furaha likiwa jina lake mwenyewe, mjane, mlimaji wa maharage na mihogo. Mtoto wake wa pekee ni Sifa. Sifa alizaliwa akaitwa msichana, lakini tangu utotoni alitembea kama mtu aliyevalishwa nguo za mwingine. Baba yake alipofariki, Sifa akaanza kuvaa pantalo ya marehemu, suruali ya kaki, akanyooka mgongo. Siku moja tukipalilia nilimuuliza:

— Weye Sifa, uko mwanaume ao mwanamuke?

— Sijue bado, kaka. Wakiniita dada, naitika. Wakiniita kaka, naitika na roho. Uniache nitafute.

Nikamwacha. Wengine hawakumwacha.

Mvua za masika zilikaribia, na paa la Mama Furaha lilikuwa limeoza hata ungelala ndani ukaangalia mwezi wote bila kugeuza shingo. Kwetu kuezeka ni kazi ya wanaume. Vizuri! Wanaume hao walikuwa wapi? Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Mama Furaha aliwaomba njiani, aliwaomba shambani, aliwaomba mbele ya kanisa, mpaka kasuku wa msituni wakajua ombi lake kwa moyo. Papa Bauma, mkubwa wa kilima chetu, alijibu "kesho, Mama," kisha akarudi kwenye kasiksi yake, pombe ya ndizi ambayo haikuambiwa kesho hata mara moja.

Basi Sifa akakata majani, akafunga ngazi, akapanda. Na wale wanaume waliokosa nafasi ya kuezeka, wakapata nafasi ya kuja kukataza! Walijaa uani, Papa Bauma mbele na fimbo yake.

— Shuka! Mwanamuke hapande ku nyumba. Utatuletea mukosi!

— Nimalize kwanza, Papa.

— Ukimaliza, weye na mama yako mutahama hapa! Muende Walikale, mujenge ku pori!

— Na kama niko mwanaume?

— Mwanaume gani, hana hata ndevu moja!

Watu wakacheka. Mama Furaha, aliyeshika ngazi, hakucheka.

— Papa Bauma, njo weye utanionyesha mwanaume mwenye alikuja kunitengenezea nyumba. Unionyeshe huyo, na Sifa atashuka.

Huko juu Sifa akafunga tita la mwisho.

Mvua haikungoja hukumu. Ilishuka mvua ya kuogesha milima yote kutoka Masisi mpaka baharini, na watu wakakimbia. Wakakimbilia wapi? Nyumbani kwa Mama Furaha! Papa Bauma aliingia wa kwanza. Wakaketi wakavu, bega kwa bega, wakiota moto wake, na papo hapo, chini ya majani ya Sifa, wakaendelea kujadili namna ya kumfukuza Sifa!

Mama Furaha akafungua mlango.

— Mwenye anafukuza mutoto wangu, atoke kwanza chini ya majani yake.

Hakutoka hata mmoja. Na habari ya kuhama haikutajwa tena.

Mwanangu unayejitafuta, uanaume niliouona siku ile ulikuja na fimbo, haukuja na ngazi. Usikubali anayekuacha unyeshewe akufundishe wewe ni nani. Kuwa mwanaume, kuwa mwanamke, ama kuwa bado njiani, hakuna aliye na haki ya kukunyima nyumba kwa ajili hiyo. Nawe uliyekwisha kujijua, usimharakishe mwenzako, shika ngazi. Mungu akupe paa lisilovuja, akupe watu wa kukushikia ngazi, na jina ambalo ukiitwa utaitika na roho.

Na zile ndevu? Wakati mvua ilipokuwa ikipiga, Sifa alikaa karibu na moto, nami nikainama, nikamchungulia kidevu upande huu na upande ule. Mama Furaha akanikamata.

— Weye na masomo yako, unatafuta nini ku kidevu cha mutoto wangu?

— Ndevu, Mama.

— Kule juu hakuna ndevu, mwana wangu. Kuko majani tu.