Arepa za Unga wa Ugali

Mpira siujui. Niliajiriwa kupika katika nyumba ya wachezaji hapa Deira, Uarabuni, na kwangu mimi mchezaji mzuri ni yule anayerudisha sahani tupu. Yule kijana wa Venezuela alirudisha yake imejaa siku tatu mfululizo, nikakasirika kwelikweli. Pilau yangu, ambayo hata akina mama wa Kizanzibari wa mtaa huu wanaisifu!

Alikuwa na miaka kumi na tisa, anacheza winga, na alikuwa amepewa wiki tatu za majaribio. Wiki ya kwanza ilipoisha, daktari wa timu, Mganda, aliingia jikoni baada ya kumpima uzito.

"Dada, huyu akipungua tena, kocha anamrudisha kwao. Akiguswa kidogo tu, chini!"

Hasira zikaniisha palepale. Mtoto wa watu amevuka bahari zote hizo, arudishwe kwa sababu ya chakula changu?

Nikamuuliza kwao wanakula nini. Kiingereza chake na changu vilikuwa vinachechemea, kwa hiyo akanionyesha picha kwenye simu: mikate midogo ya duara, myeupe, iliyochomwa kikaangoni. Arepa, akasema, ya unga mweupe wa mahindi. Wacha wewe! Mimi mtu wa mashamba ya Kitale nifundishwe habari ya mahindi?

Nikanunua unga wa ugali, nikaukanda kwa maji na chumvi kama alivyoniambia, nikaziweka arepa kikaangoni. Zikapasuka zote. Ndani zilikuwa mbichi, mchanga mtupu. Kijana alitafuna moja kwa adabu, machozi yakamlengalenga, akaenda chumbani kwake bila kula nyingine. Aibu niliyoiona siku ile, sijui niielezeje.

Kesho yake alinijia na picha ya pakiti ya unga wa kwao, maandishi yametafsiriwa kwenye simu. Kumbe unga wao unatokana na mahindi yaliyokwisha kupikwa, ndipo yakasagwa! Ya kwetu yanasagwa bila kupikwa. Na mimi kwa kiburi changu sikuuliza, kwa sababu kwetu unga ni unga.

Basi si niupike kwanza? Nikasonga ugali, laini kidogo kuliko ule wa kula na mboga ya sukuma, ukapoa, nikaufinyanga kwa viganja na kuuchoma kwenye kikaango cha chapati. Zikashikana. Nikazipasua katikati, nikajaza jibini na maharagwe meusi. Alikula nne amesimama. Nikamwambia aketi, akala mbili zaidi. Tangu siku hiyo nilizipika kila asubuhi, na walinzi wa getini, Wakenya wenzangu, walipoanza kuzinyemelea niliwafukuza kwa mwiko.

Mechi ya mwisho ya majaribio ilichezwa Ijumaa alasiri, nami nikaenda. Hakufunga bao. Lakini beki mmoja, pande la mtu, alimgonga bega mara mbili, na mara zote mbili aliyeanguka ni beki. Nilipiga kelele mpaka daktari akanivuta nguo nikae.

Jumatatu mchana kocha akamwita ofisini. Nilikuwa nakata vitunguu, lakini akili haikuwa kwenye kisu, nikajikata. Kijana aliporudi alikuwa ameshika simu mbele ya uso, mama yake yuko kwenye kioo, analia na kucheka.

"Msimu mzima," akaniambia. "Nabaki."

Nikamkumbatia, vitunguu na yote. Nililia, sioni haya kusema. Mama yake akataka kuniona, nami nikafuta uso, nikajiweka sawa kupokea shukrani. Akaitazama sahani ya arepa za mwanawe mezani. Akasema maneno mengi kwa Kihispania, kijana akainamisha kichwa.

"Mama anasema unazifanya nene mno."

Ai! Mwanamke huyu! Hasira ilinipanda mpaka kooni. Halafu nikamtazama vizuri, macho mekundu, kitambaa cha jikoni begani, nikamwelewa: mwanawe harudi, na mimi ndiye nitakayemlisha.

"Mwambie anionyeshe," nikasema, nikavuta kiti.

Kwao ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Mama yake akaiegemeza simu yake ukutani, akakunja mikono ya blauzi, akafungua unga.