Sada na Furu wa Goziba

Sada binti Yunus alizaliwa Bukoba mjini, akaolewa Kemondo na Muhidini, mwenye mtumbwi wa mizigo. Muhidini alikuwa akipeleka ndizi na chumvi kisiwani Goziba na kurudi na samaki waliokaushwa. Sada alibaki nyumbani na kibanja chake cha migomba, na kila Idi ilipokaribia, alizipaka upya kuta za nyumba. Wenzake walipaka chokaa wakaridhika. Yeye alikoroga buluu ya kufulia, masizi ya sufuria na udongo mwekundu, akachora samaki kuanzia mlangoni hadi dirishani. Mvua zilipoanza, samaki wote walichuruzika hadi chini, naye akangoja Idi nyingine.

Alipoulizwa kwa nini samaki na si maua, alijibu kwamba maua yanajulikana.

Mwaka wa 1960, Mzungu mmoja na mkewe walipiga hema karibu na bandari ya Kemondo. Mume alikuwa akichunguza samaki wa ziwa, mke akiwachora. Siku moja Sada aliwapelekea mayai, akamkuta yule mama ameinama juu ya karai, brashi mkononi. Ndani ya karai mlikuwa na samaki aliyetoka mtegoni muda ule ule. Mgongo wake ulikuwa wa buluu iliyokolea, ubavu mwekundu kama pilipili iliyoiva, na kwenye pezi la chini palikuwa na madoa ya manjano, kila doa na duara lake, kama kiini cha yai.

"Samaki gani huyu?" Sada aliuliza.

"Furu," alijibu yule mama, kwa Kiswahili chake cha kujifunza.

Sada alidhani amesikia vibaya. Furu alikuwa amewapika tangu utotoni, visamaki vya miiba mingi, rangi ya majivu, ambavyo mgeni hawekewi mezani. Akachuchumaa kando ya karai. Alipokuwa akitazama, samaki alilala ubavu, akafungua na kufunga mdomo polepole. Wekundu ulififia kwanza. Kisha buluu ikaondoka kuanzia mkiani kwenda kichwani, hadi akabaki yule yule furu wa sokoni.

"Ndiyo maana nachora haraka," alisema yule mama. "Akifa, rangi inakwenda."

"Inakwenda wapi?"

Mama wa Kizungu alimsogezea kigoda. Tangu siku hiyo hakumzuia Sada kukaa pembeni ya meza yake.

Walipong'oa hema, alimwachia brashi mbili na vibomba vya kuminya vya rangi vilivyobaki. Rangi hizo ziliitwa akriliki. Zilikorogwa kwa maji, lakini zikishakauka maji hayakuziweza tena. Sada hakuamini. Alipaka mstari wa buluu kwenye ubao wa sanduku, ulipokauka akauweka nje mvua ikinyesha. Kesho yake alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

"Baba Hamidi! Njoo uone! Mvua imeshindwa!"

Muhidini akausugua ule mstari kwa kidole, akaukwaruza kwa ukucha. "Subhanallah," akasema. "Sasa utachora nini?"

Hilo ndilo lililomsumbua. Miezi ilipita bila kuvifungua vile vibomba. Mwishowe alimweleza mumewe. "Yule furu niliyemwona alikuwa kwenye karai. Samaki wa kwenye karai yuko kwenye msiba wake. Mimi nataka kumwona akiwa kwake. Nipeleke Goziba."

"Mama Hamidi, kule ni kambi ya wanaume. Wavuvi wanasema mwanamke akikanyaga mtumbwi, samaki wanakimbia."

"Mtumbwi wako unabeba ndizi. Ndizi zitakimbilia wapi?"

Muhidini alicheka hadi akakaa chini. Safari iliyofuata waliondoka pamoja, Sada amekaa katikati ya mikungu, vibomba vyake amevifunga kwenye ncha ya kanga.

Goziba walipokewa na Kashaija, Mhaya wa upande wa Muleba, aliyekuwa mkubwa wa kambi. Alimsalimu Sada kwa adabu, kisha akamgeukia Muhidini.

"Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "umetuletea nini leo?"

"Mke wangu. Anataka kutazama furu."

"Furu?" Kashaija alionyesha vichanja vilivyojaa samaki wakikaushwa juani. "Si hao hapo?"

"Hao nimeshawaona, baba," Sada alisema. "Nawataka walio hai."

Kashaija akatikisa kichwa, lakini aliwaelekeza kwenye mawe makubwa upande wa pili wa kisiwa, ambako upepo haufiki na maji hutulia. Sada alilala kifudifudi juu ya jiwe, akajifunika kanga kichwani ili mwanga usimwingie machoni, akasogeza uso hadi pua ikakaribia maji. Mwanzoni aliona mawe tu. Kisha jicho likazoea, na mawe yakajaa watu wake.

Furu walikuwa wengi kama nzige. Wa buluu, wa manjano, weusi wenye kingo nyekundu. Dume mmoja alikuwa anafagia mchanga kwa mdomo wake, akiutema pembeni, na kila mwenzake alipopita karibu alitandaza mapezi yote na rangi zikamwakia mwilini. Sada alisahau kumeza mate. Maisha yake yote alikuwa ameishi kando ya ziwa hili, akilichota maji, akilifulia nguo, na haya yote yalikuwa humo.

Kisha akamwona jike. Alikuwa wa kijivu, hana urembo wowote, shavu limevimba kama la mtu mwenye jino bovu. Alisimama palipo wazi, akafungua mdomo. Wakatoka watoto. Walimwagika kama vumbi, kila mmoja na macho mawili meusi, wakatawanyika mbele ya uso wa mama yao. Mara kivuli cha ndege kikapita juu ya maji. Mama alirudi nyuma kidogo, akapanua mdomo, na watoto wote wakaingia kwa mkupuo, wa mwisho akigombania nafasi. Mdomo ukafungwa. Akaondoka taratibu kati ya mawe.

Sada alipiga kelele. Muhidini alikuja mbio akidhani ni nyoka, akamkuta mkewe analia, ameuma ncha ya kanga.

"Wamerudi ndani," alikuwa akisema. "Wote wamerudi ndani."

Aliomba ubao. Muhidini akang'oa ubao wa kukalia kwenye mtumbwi, naye akauchora pale pale juu ya mawe, siku hiyo na siku iliyofuata. Buluu na nyekundu aliwapa madume, pembeni. Katikati alimweka yule jike, mdomo wazi, na watoto wakiingia.

Kashaija alikuja kuwaita wakale. Alipoona ubao alisimama, mikono nyuma.

"Hawa ni wanawe?"

"Wanawe. Anawaficha mdomoni."

Mzee akakaa chini kwenye jiwe. "Mimi nimewapasua hawa tangu ujana wangu," alisema. "Nikikuta vitoto mdomoni, nawaambia wenzangu, tazameni samaki asiye na huruma, anakula wanawe. Miaka yote nimemsingizia."

Aliuomba ubao ubaki kambini, na Sada hakuweza kumkatalia. Waliupigilia misumari kwenye nguzo ya kibanda cha nyavu, na wavuvi waliokuwa wakirudi kutoka majini walipita hapo kwanza kabla ya kwenda kuota moto. Mmoja aligusa vidoa vyeusi vya macho ya watoto kimoja kimoja kwa kidole, akihakikisha.

Vibomba viliisha kabla ya Uhuru, na buluu ile Sada hakuipata tena. Alirudia masizi na udongo, akaongeza rangi ya mitumbwi alipoweza kuipata. Lakini kila mtumbwi ulipokwenda Goziba baada ya mavuno ya kahawa, alikuwa ndani. Kashaija alimngoja ufukweni, na kabla hata ya salamu kuisha alikuwa tayari ameshatangulia njia.

"Haraka, mama," alisema safari moja. "Nyuma ya mawe yale kuna wa kijani. Sijawahi kuwaona wakiwa hai hadi jana. Njoo uone."