Maji Juu ya Mtiki

Tarehe kumi na nne Juni, siku ya kumaliza arobaini, nilipoteza sakafu ya sebule yangu hapa mtaani Kator. Mume wangu nilikuwa nimeshampoteza, kwa hiyo sakafu ingeonekana kitu kidogo. Lakini aliipiga mwenyewe, ubao mmoja mmoja wa mtiki, kila jioni akitoka kazini, kwa miezi saba. Majirani wetu wote wana simenti.

Kina mama wa kanisa walifika alfajiri kupika na kusafisha, kama desturi. Mfiwa hashiki kazi. Anakaa kwenye mkeka, anapokea mikono ya pole. Nikawaona wanamwaga ndoo na kusukuma maji kwa fagio huku wanaimba, vile wanavyoosha simenti kwao. Ndoo tano. Ningeweza kusema neno, sikusema. Niliona haya kuwakaripia watu walioamka mapema kwa ajili yangu.

Baada ya siku nne mbao zilikuwa zimeinua kingo. Ukiweka chai mezani, inaegemea upande mmoja wa kikombe. Nikawasha jiko la makaa juu ya karai, katikati ya sebule, zikauke upesi. Jioni ile mbao mbili zikapasuka, paa! Nilitoka mbio nikidhani ni risasi.

Nikamwita fundi Mganda aliyekuwa akifanya kazi na mume wangu, anayekaa Gumbo. Alipiga magoti, akapapasa.

“Nani amekaanga hii mbao?”

“Ni mimi, shemeji.”

“Bwana yako angekufukuza.”

“Angenifukuza pamoja na jiko.”

Tukacheka. Sikuwa nimecheka ndani ya nyumba ile tangu mazishi.

“Mbao haitaki haraka,” akasema. “Tunang'oa yote. Nikiona jiko tena, mimi narudi Uganda.”

“Zitanyooka?”

“Ingine itanyooka. Yote, siwezi kukudanganya.”

Aliziandika namba kwa chaki, akazipanga kivulini barazani, fito katikati ya kila safu hewa ipite, mawe juu. Wiki tano nikaishi juu ya udongo, na kila asubuhi nilikuwa nachungulia rundo lile kama mtu anayetazama mgonjwa.

Siku moja mkubwa wa wale kina mama alikuja kunijulia hali, akauliza rundo ni la nini. Nikamwambia yote, hata kwamba niliwaona nikanyamaza. Akajishika mdomo.

“Woi, mama! Na vile tulisugua mpaka kwenye pembe!” Kisha akapanda, akakaa juu ya mawe. “Mimi mzito, wacha nisaidie.” Alinywea chai yake huko huko.

Fundi aliporudi, alipitisha randa kidogo, akaanza kupigilia kufuata namba. Hadi saa kumi sebule ilikuwa imefunikwa. Zile mbili nilizozipasua alizibadilisha kwa mbao mpya, nyeupe kidogo. Akaniambia nivue viatu nitembee. Nilienda hadi dirishani na kurudi, na mguu haukujikwaa popote ila karibu na mlango, ambapo mbao tatu bado zilikuwa zimebenuka.

“Hizi zimekataa,” akasema. “Nibadilishe?”

Nikasema hapana. Tukasukuma kabati juu yake, fundi akala ugali, akanawa mikono uani, akapanda boda kurudi Gumbo.