Kamba za Inge na Mahameli Yangu Nyekundu

Jamani, mwenye makosa ni mimi, na asitokee mtu wa kunitetea. Nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mnitukane kwa zamu.

Mimi ni mwanamke wa Tanga, naishi Lidcombe, hapa Sydney. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia uji wao usio na chumvi wala sukari, na kuwasikiliza. Hapo kwenye kusikiliza ndipo nilipoharibu.

Mmoja wa wazee wangu ni mtu wa Denmaki, tumwite Mzee Aksel. Ujanani alikuwa seremala wa viti, akahamia huku na mkewe, Inge, ambaye sasa ni marehemu. Sebule yake, yarabi! Meza moja, kabati moja, viti vinne. Mbao tupu, hakuna rangi, hakuna vanishi, hakuna hata ua moja la kuchongwa. Siku ya kwanza nilidhani anahama.

Na ole wako uviguse viti vyake, utapewa somo! Mbao ipakwe mafuta tu, anasema, ili mkono uguse mti wenyewe. Kiungo kilichokatwa vizuri hakitaki msumari. Kiti kikichoka kinatengenezwa, hakitupwi. Halafu anakigeuza kiti, ananionyesha nyuma: "Mgongo wa kiti lazima uwe mzuri sawa na mbele, maana kiti kinaishi katikati ya watu, hakiishi ukutani." Mimi namwitikia, moyoni nasema, baba wee, kwetu kiti kisichong'aa kinakaa jikoni.

Kiti kimoja alikipenda kuliko vyote. Alikiunda mwenyewe, na mahali pa kukalia pamesukwa kwa kamba za karatasi iliyosokotwa. Ndiyo, karatasi! Nilipokiona nikacheka, nikamwambia mbona hiki ni ndugu yake kitanda cha kamba, babu yangu alikuwa akisuka vitanda hivyo kule Tanga.

Hapo ilikuwa kweli tupu. Ningenyamaza hapo, leo nisingekuwa naandika. Lakini mdomo wangu huu! Nikaongeza: "Na mimi alinifundisha."

Uongo mtupu. Babu akisuka, mimi nilikuwa pembeni nakula ubuyu.

Mzee alifurahi mpaka macho yakamlowa. Akauliza mtu anayejua kazi ya mikono anaitwaje kwa Kiswahili, nikamwambia fundi. Tangu siku hiyo kila asubuhi nikifungua mlango nasikia, "Karibu, fundi!" Nami nilikuwa natembea kifua mbele kama nimesomea.

Ikafika siku kamba mbili za mbele zikalegea. Vidole vyake vinatetemeka, havishiki kitu. Akanikabidhi kiti, akasema, "Kaza tu, fundi. Hizo mbili." Akaendelea kuongea, ananieleza habari ndefu ya zile kamba. Mimi naitikia "ehe, ehe", huku nasoma kwenye simu ujumbe wa kikundi cha harusi ya binamu yangu. Sikusikia hata neno.

Nikakibeba kichwani mpaka stesheni. Kiti chepesi kama ungo! Watu kwenye treni wakanipiga picha.

Nyumbani nikatafuta mwanzo wa kamba, sikuuona. Nikatafuta mwisho, haupo. Nikavuta hapa, pakalegea kule. Mtoto yeyote wa pwani anajua kitanda cha kamba hukazwa, hakikatwi. Mimi nikachukua kisu cha jikoni nikakata moja, ili nipate pa kuanzia. Loh! Kitu chote kikafumuka. Nikapandwa na hasira, nikakata zote, nikazitupa kwenye pipa pamoja na magamba ya samaki. Asubuhi lori la taka likapita.

Mngedhani hapo nilitubu. Wapi! Nikapanda treni mpaka maduka ya vitambaa ya Cabramatta, nikanunua mahameli nyekundu, sponji nene na misumari yenye vichwa vya dhahabu. Nikaipiga misumari pande zote nne. Upande mmoja mbao ikalia ta! ikapasuka, nikafunika ufa kwa kitambaa. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, akapiga makofi: "Eeh, mama! Sasa hii kiti njo ya mufalme!" Nikavimba kichwa.

Nikampelekea mzee. Alikitazama. Akaanza kugusa misumari kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka akazunguka kiti chote. Mimi nasubiri nisifiwe!

Akauliza, "Kamba ziko wapi?"

"Zipo nyumbani, nimezihifadhi."

"Niletee tafadhali. Kama nilivyokuambia, Inge alizisuka mwenyewe, mwaka tuliofika Sydney. Hatukuwa na kitu kingine cha kukalia."

Kama alivyoniambia! Kumbe ile ndiyo habari niliyokuwa naitikia ehe, ehe. Kazi ya mikono ya mke wake, iliyobaki moja duniani, nimeipeleka jalalani na magamba ya samaki.

Hapo ningesema ukweli. Sikusema. Nikaagiza kamba mpya za karatasi mtandaoni, nikachemsha sufuria ya chai ya rangi nzito, nikazilowesha zipate uzee. Zikikauka nazikalia. Wallahi nimezikalia wiki nzima, nakula juu yake, natazama tamthilia juu yake, zionekane zimekaliwa na watu wa Denmaki.

Nikampelekea zikiwa kwenye mfuko. Akatoa kipande, akakizungusha vidoleni, akakipeleka puani. Akanusa. Akafumba macho kidogo, nikasema moyoni, imeingia!

Akasema polepole, "Inge hakuwahi kunywa chai. Alikuwa mtu wa kahawa."

Akazirudisha mfukoni, akanipa mfuko kwa mikono miwili. Hakupiga kelele, hakuniita mwongo, wala hakupiga simu ofisini kwetu. Angenitukana ningeshukuru! Aliniomba tu nimletee dawa zake.

Kesho yake nikafungua mlango, nikasimama pale kizingitini kama mjinga, nasubiri. Akasema, "Habari za asubuhi." Basi. Ni miezi minne sasa, na ni "habari za asubuhi" tu. Hilo jina la fundi nililiiba, najua, lakini kunyang'anywa kumeniuma vibaya.

Na kile kiti amekisogeza dirishani, kimetazama nje, ili mahameli yangu isionekane. Kinachoonekana ni mgongo tu. Kila Ijumaa naupaka mafuta, na jamani, ule mgongo ni mzuri! Alichokuwa akinihubiria siku zote ni kweli, nami nimekielewa siku ambayo hana hamu tena ya kunieleza.

Bado sijamwambia habari za pipa. Nimewaambia ninyi kwanza, waoga ndivyo tulivyo. Ijumaa hii nitamwambia, ofisi inifukuze ikitaka.

Ndugu yangu unayesoma, ukiulizwa kama unajua kazi na huijui, sema hujui. Ukielezwa jambo, weka simu chini. Na kama kamba umeshazikata, nakuomba, usichemshe chai.