Sahani ya Nasor

Mnacheka? Chekeni. Mimi nimefanya kazi serikalini hapa Omani, Nizwa, mpaka nikastaafu, na habari za mizuka nilizidharau kuliko nyinyi. Lakini hili limenipata mwenyewe, mchana kweupe, na wallahi sitii chumvi.

Nilifika Bodhgaya, mji wa mahujaji wa Kibuddha huko India, kwa kuwafuata wastaafu wenzangu. Wao wakiona picha nzuri kwenye simu, wanafunga mizigo. Nikakuta upuuzi mtupu. Wazungu wamejifunga mashuka ya manjano juzi tu, leo wameshajifanya watakatifu. Wachuuzi wanauza majani makavu, eti ya mti mtukufu. Nikawaacha wenzangu wakijipiga picha, nikakaa kwenye banda la chai.

Kando yangu alikuwa mtawa mmoja, kichwa kimenyolewa, miguu mitupu. Muuza chai alipotaka kumwongezea, yule mtawa akakitikisa kikombe kwa vidole viwili. Jamani! Kukitikisa kikombe kwa kusema umetosheka ni adabu ya kwetu, ya kahawa ya Nizwa na Manah. Nikamtazama kwa dharau, nikidhani ni kibarua aliyewahi kufanya kazi Maskati.

Alikuwa Nasor, mtoto wa shangazi yangu Zuwena wa Manah.

Nasor alichukuliwa na maji ya wadi, bonde kavu linalofurika mvua ikinyesha, yeye na gari lake. Maiti yake niliiosha kwa mikono yangu hii. Shangazi hakukubali. Alishikilia kuwa wachawi wamemchukua mwanawe na sisi tumezika mgomba uliogeuzwa sura yake, kama walivyokuwa wakisema kwao Unguja. Kila Ijumaa alimpakulia sahani ya wali kwa mchuzi wa papa. Mimi nilimwona karukwa na akili, basi.

“Shikamoo kaka,” Nasor akasema, kwa Kiswahili kile kile cha nyumbani. “Mwambie mama asinipakulie tena. Harufu inanifika, nainuka nirudi, na njia siijui. Aniache nipumzike.”

Simu ikaniponyoka. Nilipoinama na kuinuka, hayupo. Nikamuuliza muuza chai, kwa Kihindi changu cha dukani, yule mtawa kaenda wapi. Mtawa gani? Vikombe vyote, alisema, nimevinywa mimi niliyekaa peke yangu.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Manah. Nikamweleza shangazi kila neno, nikangoja alie. Uso ukamng'ara.

“Alhamdulillahi! Kumbe harufu inamfika mwanangu!”

Nikamsihi, nikamgombeza. Wapi! Tangu hapo anapika kila siku, na papa anamzidisha.

Sasa mimi, na mvi zangu zote, natoka Nizwa kila mchana kwenda kuila ile sahani ingali ya moto, niimalize kabla harufu haijafika mbali. Ulimi umenibabuka, na papa simpendi. Watu wa Manah wananiita mlafi. Wajinga wale, wanajua nini?

Nanyi mnaocheka, safirini mtakako. Lakini ukimwona mtu ugenini anatikisa kikombe, usimtazame usoni. Inuka uende zako. Mimi nilimtazama, na kesho lazima niwahi Manah kabla sufuria haijafunuliwa.